Kiboko Aliyeihamisha Bahari

Hapo kale, si kale sana kiasi cha waliokuwapo kwisha kufa, palikuwa na enzi ya wanyama iliyotandaa tangu ufukwe wa Kunduchi hadi nyika za Ugogo na kupita mbele hadi maziwani, na baraza la enzi hiyo lilikaa pwani, chini ya minazi, penye upepo wa matlai na madafu yasiyolipiwa. Mnyama wa Kigoma mwenye shauri lake alitembea hadi kwato zikalika, akafika barazani, akaambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo. Ndipo Simba wa kwanza alipowakusanya wakubwa, akawaambia kwamba kigoda kilichowekwa ukingoni mwa mkeka huwapa kisogo nusu ya wageni, na kwamba heri baraza lihamie katikati, kule uwandani, mahali panapoitwa kwa jina la tembo aliyedidimia. Wakubwa wakapiga kwato na mbawa, na azimio likapita bila hata mmoja kupinga, kwa kuwa azimio lisilo na tarehe halimuumi mtu.

Zikapita masika 43. Kila mwaka fungu la kuhama likatengwa, na kila mwaka likapatikana jambo la dharura la kulitumia palepale pwani. Aliyeuliza lini, aliambiwa mchakato unaendelea. Kule uwandani zikajengwa nyumba chache za wakubwa, na popo wakahamia kwanza. Watoto waliozaliwa siku ya azimio wakaota mvi wakiwa bado wanaimba wimbo wa kuhama shuleni, nao wakawafundisha watoto wao, hata wimbo ukawa mtamu kuliko safari yenyewe.

Kisha akaja Simba asiyekuwa na kawaida ya kurudia neno. Siku moja ya kipupwe alisimama mbele ya baraza, akasema yeye anahama, na mwenye kupenda minazi kuliko kazi abaki na minazi. Alipoketi, palisikika nazi moja ikianguka mbali sana.

Sasa katika wakubwa wale alikuwamo Bwana Kiboko, Mtunza Mihuri, mnyama mwenye heshima zake na kiuno cha heshima hizo. Kiboko huyu asili yake ni mto Rufiji, maji baridi yasiyo na chumvi, lakini alipopanda cheo aliona mto ni jambo la ushamba, akajiwekea bahari sebuleni. Ilikuwa sanduku la kioo la lita 1,000, limejaa maji ya Bahari ya Hindi na viumbe wake: kitatange wawili wa milia ya manjano, chewa mchanga aliyekuwa akikua upesi kuliko chumba chake, bunju aliyevimba kila alipokasirika, na alikasirika kila alipomwona mtu mnene kuliko yeye, mkunga aliyetoa kichwa tu pangoni, kama karani wa masjala, matumbawe yaliyofumba na kufumbua, na kaa mmoja mdogo, wa wale wasio na nyumba yao, waishio katika makombe ya konokono waliokufa. Wageni walioleta mashauri walikaa mbele ya kioo hicho wakashangaa, na aliyekwisha kushangaa hakumbuki tena kuuliza faili lake limefika wapi. Hivyo bahari ile ilikuwa na kazi serikalini, ijapokuwa haikuandikwa katika muundo.

Mtunzaji wake alikuwa Kasa mzee, aliyeyajua maji yote kuanzia Kilwa hadi Pemba. Habari ya kuhama ilipotangazwa, Kasa alimwendea bwana wake kabla jua halijatua.

“Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimekuja kwa ajili ya hawa wa kwenye kioo. Sofa utaihamisha na saa itahama, lakini bahari haihami. Tuwatafutie hawa nyumba kabla hatujafunga hata kamba moja.”

“Marahaba, Mzee Kasa. Nyumba gani tena, na mimi nimepewa nyumba?”

Kasa akamweleza taratibu, kwa maana kasa hana neno la haraka. Akasema waliovuliwa kwenye miamba ya Bongoyo na Mbudya, na hawajaugua, waombewe ruhusa kwa walinzi wa miamba ile warejeshwe kwao. Lakini walioletwa na wafanyabiashara kutoka bahari za mbali wasimwagwe kamwe katika bahari yetu, kwani mgeni hujui amebeba ugonjwa gani mgongoni. Hao wapewe majirani wenye vioo vyao, wanaojua kazi, mmoja mmoja, mwezi mzima au miwili kabla ya safari, ili kila anayepokea apokee anachokiweza. Na kama lazima wachache wasafiri, basi wasilishwe siku ile na siku ya kuamkia, wasije wakachafua maji njiani. Kila mmoja awe na chombo chake chenye kifuniko na hewa. Maji yao ya zamani yaende nao kadiri inavyowezekana. Mawe yasitoke katika maji ya bahari hata kwa saa moja. Na huko waendako maji yatengenezwe majuma kadhaa kabla, yatulie, yapimwe, ndipo aingizwe mmoja, kisha wa pili.

“Mtazame yule mdogo,” akasema Kasa, akielekeza pezi lake kwa kaa wa kombe la kuazima. Kaa alikuwa amelikuta kombe tupu pembeni mwa kioo, akiligeuza, akiingiza gando mlangoni, akipima upana, akipima kina, akirudi nyuma, akija tena. “Leo siku ya tatu analipima. Siku atakayoridhika atatoka huku na kuingia kule kabla hujapepesa jicho. Kuhama kwake ni kupima. Safari yenyewe si kitu.”

Kiboko akacheka hata kioo kikatikisika. “Unataka niingie bara mikono mitupu, kama mnyama aliyefukuzwa kazi? Wenzangu watasema Mtunza Mihuri kashuka. Bahari itahama. Nitaunda kamati.”

Ikaundwa Kamati ya Kuhamisha Bahari. Fisi akawa mwenyekiti, kwa sababu alikuwa na jamaa mwenye malori. Kunguru akawa katibu, kwa sababu hapana jambo la pwani linalotupwa asilolijua. Na Kasuku akawa msemaji, kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. Kamati ikakaa siku 12, ikanywa madafu 600, ikafanya ziara ya mafunzo kwenye visiwa viwili, na siku ya 13 ikamwita Kasa aje atoe maelezo ya kitaalamu.

Wakamwuliza: ni nani hasa anayeifanya bahari hii isinuke? Kasa akajibu kwa unyofu wake kwamba si yeye. Katika vitundu vya yale mawe, akasema, wanaishi viumbe wadogo mno, jicho haliwaoni, maelfu kwa maelfu. Samaki wakila na kutoa uchafu, uchafu hugeuka sumu ndani ya maji, na wale wadogo ndio wanaoishika sumu ile usiku na mchana na kuigeuza ikawa kitu kisichoua. “Hao wakifa,” akasema, “sisi wote ni wa kupamba tu.”

Fisi akatega sikio. “Umesema hawaonekani?”

“Hawaonekani, Mwenyekiti.”

“Wala hawamo katika orodha?”

“Hawakuandikwa popote.”

“Nao wanakula humu ndani kila siku?”

“Wanakula, ndiyo kazi yao.”

Fisi akamgeukia Kunguru kwa furaha ya mnyama aliyepata mfupa njiani. “Andika, Katibu. Kamati imegundua watumishi hewa.”

Habari zile zikapaa hadi barazani, Kiboko akasifiwa kwa uzalendo, na siku ya pili mawe yote yakatolewa kwenye kioo, yakasuguliwa kwa brashi na sabuni, yakasuuzwa kwa maji ya bomba, yakaanikwa juani mpaka yakawa meupe kama meno ya mgombea. Katika hati ya makabidhiano Kunguru akaandika: mawe machafu 14, yamesafishwa, watumishi hewa, wameondolewa wote. Na kwa kuwa upepo wa usafi ukishaanza kuvuma hauchagui jani, Kasa naye akatakiwa alete cheti cha utunzaji wa bahari. Kasa akasema hana cheti, ana bahari tu, miaka themanini na kitu ndani yake. Akaandikiwa barua. Akafunga kifuko chake akaondoka kuelekea majini, na katika kifuko kile alikuwamo kaa mdogo wa kombe la kuazima, ambaye jana yake alikuwa amemaliza kupima. Hakuna aliyehesabu, kwa maana kaa hawakuwa na kifungu.

Siku ya safari ikawadia. Fisi alipoambiwa kwamba lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa tani moja na zaidi kidogo, alifikiri sana, kisha akauliza kwa nini enzi ibebe maji kuyapeleka mahali ambapo nako kuna maji. Hoja ikaonekana nzito kuliko maji yenyewe. Bahari ikamwagwa mtaroni, na mahali pake kwenye lori zikapangwa sofa 3, meza ya mninga na picha kubwa ya Kiboko akiwa anatazama mbele. Samaki wakatiwa wote pamoja katika mapipa mawili ya plastiki. Mkunga na kitatange pipa moja, kwa kuwa kamati iliamini katika umoja.

Walipofika Ruvu msafara ulisimama ili wakubwa wapigwe picha darajani. Wakasimama tena Chalinze kwa mishikaki, na Morogoro kwa chakula cha mchana kilichokuwa na hotuba tatu, malori yakiwa juani. Walipoanza kupanda kuelekea Gairo, mahali ambapo upepo humvua mtu kofia bila kumwomba radhi, pipa la kwanza lilikuwa na kitatange mmoja na mkunga aliyeshiba. Usiku ukawakuta Kibaigwa, kati ya magunia ya mahindi, na alfajiri wakaingia mji wa tembo, safari ya kilomita 450 hivi, kila mmoja akiwa na hati yake ya posho ya usumbufu mfukoni. Samaki hawakuwa na mifuko.

Sasa uwanda ule, msomaji, ni nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari ile waliyoimwaga. Mvua yake ni chache, milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote huja baina ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufunga mlango. Usiku wa Julai baridi yake hushuka hadi nyuzi 14, na samaki wa miamba ya pwani hajapata kusikia habari ya namna hiyo tangu kuumbwa kwake. Lakini nchi ile ina watu wake wanaoijua, na kwenye ua wa nyumba mpya ya Kiboko alikuwapo Bibi Mhanga, mchimba visima, ambaye ukoo wake ulikuwa umechimba katika ardhi ile kabla popo hawajapewa nyumba.

“Mbukwa!” akasalimu Bibi Mhanga, kwa desturi ya kwao.

Kunguru akadhani ni jina, akaliandika kwenye daftari la wageni: Bi. Mbukwa, mwenyeji, hana miadi.

Kiboko akaamuru kioo kijazwe. Wakavuta maji ya kisima, na Kunguru, aliyekuwa hakosi kuonja, akatumbukiza mdomo, akaruka juu kwa shangwe. “Yana chumvi! Bwana Mkubwa, maji ya huku yana chumvi!” Kasuku akarudia mara tatu. Fisi akamtazama kila mmoja usoni, kama aliyeshinda kesi: si alisema? Kumbe bahari ilikuwa imekwisha kuhamia yenyewe, ikawatangulia kwa kupita chini kwa chini.

Bibi Mhanga akajikohoza. “Wajukuu zangu, chumvi si moja. Huku mvua hunyesha kidogo, jua likanywa kilichonyesha, na kile jua lisichoweza kunywa hubaki ardhini mwaka hata mwaka, kikiyeyuka kutoka kwenye mawe. Ndiyo maana hata kule mbugani Bahi wazee walichemsha udongo wakapata chumvi ya mboga. Hayo ni machozi ya jiwe. Bahari yenu nimeisikia kwa wachukuzi. Kila lita ina gramu 35 za chumvi, nayo ni mchuzi wa mito yote ya dunia. Haya ya kisima ni machache kwa chumvi, na tena si chumvi ile. Ulimi wa kunguru si mizani.”

“Bi. Mbukwa,” akasema Kiboko kwa upole wa wakubwa, “kamati imekwisha kuonja.”

“Basi niwape hadithi, halafu niende nikachimbe,” akasema Bibi Mhanga. “Mji huu mnaouita kwa ulimi wenu, sisi tuliuita kwa tembo. Alikuja kijitoni akiwa na kiu, mkubwa kupita wote, hakumwuliza mtu habari ya tope. Akaingia kunywa, akadidimia. Waliomkuta wakasema *idodomya*, amedidimia. Jina limebaki. Nashangaa kwamba kila anayekuja hulitamka vizuri sana, wala haulizi lilitoka wapi.”

Akaenda zake. Samaki wakatiwa katika machozi ya jiwe.

Yaliyofuata kamati iliyaandika kwa umakini mkubwa. Siku ya kwanza samaki walikaa chini ya kioo wakihema, na taarifa ikasema wametulia. Siku ya pili walipanda juu wakifungua vinywa hewani, na taarifa ikasema wana ari. Matumbawe yakageuka meupe yakalandana vyema na mawe, na ikaandikwa kwamba sasa kuna uwiano wa rangi. Maji yalianza kunuka, maana yale mawe safi hayakuwa na mtu ndani. Sumu ilizaliwa asubuhi ikakosa wa kuipokea, ikakaa, ikaongezeka, kama barua katika ofisi iliyofukuza matarishi wake wote na kubaki na wakurugenzi. Bunju alivimba kwa mara ya mwisho na akafa akiwa amevimba, mkubwa kuliko cheo chake, akielea chali mbele ya wageni. Chewa akamfuata. Mkunga alitoa kichwa pangoni siku ya nne, akatazama, akakirudisha, na hakukitoa tena. Taarifa ya mwisho ilisema zoezi limekamilika kwa asilimia 100, na kwamba samaki wako katika hatua ya kuzoea mazingira.

Kiboko hakulia mbele za watu. Lakini tangu siku ile, kila Ijumaa jua likiwa bado juu, alionekana akishuka kwenda pwani, kwa sababu, alisema, kuna mambo ya kumalizia. Naye hakuwa peke yake njiani: pundamilia wa hazina, tumbili wa mipango na korongo wa itifaki, wote walikuwa na mambo ya kumalizia, na barabara ya Morogoro ikawa nyembamba kila mwisho wa juma. Wake zao walikuwa kule, watoto wao shuleni kule, mito yao ya kulalia kule. Uwandani walikuwa wameleta koti, la kutundika kwenye kiti.

Jumamosi moja Kiboko alikuwa amejilaza kwenye maji ya Kunduchi, akisikia raha na huzuni kwa pamoja, akaona kifuniko cha chupa kinatembea mchangani. Kilisimama mbele ya pua yake. Ndani yake alikuwa kaa mdogo, amenenepa. Kombe alilolipima lilikuwa limembana, na ufukweni siku hizi vifuniko ni vingi kuliko makombe.

“Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nasikia umehama.”

“Nimehama, mwanangu. Nimehamia bara kabisa.”

“Hongera. Nami nimehama mara mbili tangu tuachane.” Kaa akapima kidogo kivuli cha Kiboko kwa gando lake, akarudi nyuma, akapima tena. “Mbona Jumamosi zote nakuona hapahapa?”

Kiboko akazamisha masikio yake majini, kama viboko wafanyavyo wasipotaka kusikia.

Huko uwandani kioo kikazidi kunuka hata mfagiaji akakiburuta nje, akakimwaga, akakiosha, akakiacha uani chini ya mbuyu, kwa kuwa hapakuwa na waraka wa kukitupa. Kikakaa na vumbi Agosti, na Septemba, na Oktoba. Desemba ikaingia. Alasiri moja wingu likasimama juu ya kilima cha Mlimwa, likashuka lote kwa pamoja, na asubuhi kioo kilikuwa kimekinga maji ya mvua. Usiku ule ule vyura waliolala chini ya tope kavu tangu mvua za mwaka uliopita waliamka, wakaimba, wakatazama huku na huku, na bila kuunda kamati wakaingia kiooni. Baada ya siku chache maji yakawa meusi kwa viluwiluwi.

Kunguru alipopita akaviona, akahesabu hadi akachoka, akakimbilia ofisini. Kasuku akatangaza. Ikapelekwa kwa Simba taarifa yenye jalada la ngozi: bahari imehama salama, samaki wameongezeka mara 200, wote wa rangi moja, hawabaguani. Kiboko akapongezwa. Fisi akaomba fungu la kuhamisha bahari nyingine. Bibi Mhanga, aliyekuwa amekuja kukinga maji ya mvua kwa ajili ya mlenda wake, alisoma tangazo ukutani, akaweka ndoo chini, akacheka peke yake mpaka akalazimika kuushika mbuyu.

Majuma yakapita, viluwiluwi vikaota miguu ya nyuma, kisha ya mbele, mikia ikanywea; na asubuhi moja ya Februari, kabla wakubwa hawajarudi kutoka pwani, wakaruka ukingo mmoja mmoja wakaenda zao kwenye madimbwi.

Kunguru alikuta kioo kina maji matupu. Alikizunguka mara mbili, akachungulia chini ya mbuyu, akafungua daftari, akalamba kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu enzi ihame akaandika taarifa ya kweli, ijapokuwa mwenyewe hakujua: Samaki wote wamehama tena. Safari hii hawakuomba posho.